Vita vya Pembe Vilivyovikwa Kanzu ya Dini

Imani iliyokita mizizi nchini Kongo, kwamba vita vya 1892 hadi 1894 vya Nyangwe na Kasongo vilikuwa uasi wa Waislamu dhidi ya dola iliyokuja kuwakomboa watumwa, haistahimili hata hesabu nyepesi ya miaka. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki Dola Huru ya Kongo kama mali yake binafsi, alimteua Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa kutoka Unguja, kuwa wali (yaani gavana) wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, tena kwa mshahara. Dini ya wali huyo ilijulikana, na watumwa wake pia.

Kilichobadilika ni njia ya pembe za ndovu. Dola ilitaka ziteremke mtoni hadi bahari ya magharibi badala ya kwenda Ujiji na Unguja, na amri ya Septemba 1891 iliwaagiza maofisa wake wa kaskazini waichumie dola pembe na mpira, jambo lililomfanya mfanyabiashara wa jana aonekane mwizi. Hata madai ya Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyepigana na dola katika vita hivyo, yalikuwa ya kidunia kabisa: alitaka arudishiwe Ngongo Lutete, kibaraka wa baba yake aliyehamia upande wa dola mwaka 1892.

Msomaji wa Manika, jimboni Lualaba, hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Bunkeya, ambayo leo imo katika jimbo hilohilo, ilikuwa makao ya Msiri, mfalme aliyetoka Unyamwezi na ambaye hakuwa Mwislamu. Naye aliuawa Desemba 20, 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga na shaba yake, kwa kuwa alikataa kuinamia bendera ya Leopold. Aliyetaka shaba hakuuliza kibla cha mwenye nchi.

Sefu na wenzake walikuwa wateka watumwa, na ukatili wao hauna utetezi. Lakini Ngongo Lutete naye alikuwa mteka watumwa mashuhuri, na dola iliyojiita mkombozi ilimpokea kwa mikono miwili, ikateka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 kwa msaada wa wapiganaji wake, kisha Septemba mwaka huohuo maofisa wa dola wakampiga risasi kwa tuhuma za usaliti.