Mofini na Dhamana ya Muuguzi

Wapo wengi miongoni mwetu ambao wakilisikia jina la mofini hushtuka, nasi hatuwalaumu. Visiwa hivi vimeshuhudia vijana wake wakiangamizwa na heroini, na asili ya dawa hizo mbili ni moja, afyuni. Lakini hofu hiyo haifai kuwa hukumu juu ya mgonjwa wa saratani ambaye tiba ya kumponya imekwisha na maumivu hayajamwachia. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1961, huo huo unaowabana wauza unga, unakiri kwamba dawa za namna hii ni za lazima katika kuondoa maumivu.

Ndugu zetu wa Uganda walilitambua hilo. Hospice Africa Uganda ilianza kazi mwaka 1993 kwa mofini ya maji, ya kunywa. Mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kisheria kuiandika wenyewe, kwani madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wako vijijini. Mafunzo yalitangulia, ruhusa ikafuata. Hapo ndipo tunapowataka wahusika watie mazingatio.

Hatari yenyewe imo katika kipimo. Chupa moja huwa na miligramu 5 katika mililita 5. Nyengine huwa na miligramu 50 katika maji yale yale. Muuguzi aliyechoka, akishika chupa siyo, amempa mgonjwa mara kumi ya alichoandikiwa. Ndiyo maana hutakiwa amuulize mgonjwa jina, asome lebo, na mwenzake ahakikishe kipimo kabla dawa haijatolewa. Je, muuguzi aliye peke yake usiku kituoni ahakikishe na nani? Ama ule mtindo wa kusaini asubuhi dawa zote za usiku, ambao sote tunaufahamu, huo ni kughushi tu.

Nyumbani mambo ni mazito zaidi. Vijiko vya chai havilingani, kwa hiyo familia ipewe bomba la kupimia lisilo na sindano na ifundishwe kulisoma. Dawa hii hutolewa kila baada ya saa nne. Haingojewi mpaka mgonjwa apige kelele. Hufuatana na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo, na wengi huiacha kwa adha hiyo. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, au pumzi zake zikipungua, asipewe nyengine mpaka muuguzi amwone.

Basi Wizara iamue ni muuguzi yupi, katika kituo kipi, atakayempokea mgonjwa anayerudi Pemba kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na kwa njia gani atajua, kabla meli haijafunga gati Mkoani, kwamba chupa iliyomo mkobani ina nguvu gani.