Mwambieni Mtoto Mapema

Wazazi wapendwa wa Lubero, binti akiona damu mara ya kwanza naye hajaambiwa neno, huogopa. Hudhani ni ugonjwa au laana, akajificha. Kosa si lake. Ni letu sisi tulionyamaza.

Huo si ugonjwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama haragwe. Wakati ukifika, tezi hiyo hutuma homoni katika damu, kama mjumbe apelekaye habari. Kwa msichana huamsha ovari: matiti hukua, na baadaye hedhi huja. Kwa mvulana huamsha korodani: sauti huwa nzito, ndevu huota. Kwa kawaida msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14.

Lakini kuona hedhi si kuwa tayari kuolewa. Mhindi uliotoa maua haujakomaa, wala hauvunwi. Mifupa ya nyonga ya binti ingali inakua, na sheria ya Kongo yataka miaka 18.

Mama, sema na binti yako. Baba, sema na mwanao. Semeni leo, kabla hofu haijawatangulia.