Nani Anashika Ufunguo wa Ghala?



Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone aliwasili Ujiji akiwa mgonjwa, akitumaini kupokea nguo na shanga alizotumiwa kutoka Unguja. Hakukuta kitu. Sherif, aliyekabidhiwa mzigo huo, alikuwa ameuza vyote, kisha akajitetea kwamba alipiga ramli ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Ndiyo hali ya njia hii yetu ya misafara, tangu Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji: mali ilisafiri miezi kadhaa mikononi mwa watu wengine, na aliyeshika ufunguo wa ghala alishika pia maisha ya mwenzake.

Siku hizi fedha ya mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge haichukuliwi na wapagazi. Inaingia benki, na kutoka benki inahamia katika simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mabenki nayo yana huduma zao za simu. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Aliyewahi kurudi kijijini na fedha za msimu mzima ndani ya shati anajua hofu ya njiani. Lakini ufunguo ungali mikononi mwa mtu, na waamini wanatuuliza: akipiga simu anayejiita fundi wa benki, akalitaja jina langu na kijiji changu, akasema akaunti itafungwa nisipomsomea namba iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe, nimwamini?

Jibu letu ni hapana, hata awe mpole namna gani. Mtumishi halali wa benki hahitaji namba yako ya siri ili atimize kazi yake. Na ile namba ya kwenye ujumbe ni sawa na sahihi yako: anayeiomba anataka utie sahihi karatasi ambayo hukuisoma. Kata simu, kisha wewe mwenyewe uipigie benki kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi yako, au uende tawini. Kampuni za simu hupigiwa kwa 100. Namba ya tapeli ipeleke kwa ujumbe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Iko hila nyingine isiyosemwa sana. Tangu mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Wako mawakala wasio waaminifu wanaomwambia mteja, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine kwa jina lake. Piga *106# uone ni laini ngapi zinazobeba jina lako.

Hayo ni ya mteja. Sasa tuna neno kwa wenye mabenki. Kututangazia kila siku kwamba tusitoe namba za siri ni vema, lakini kunamtwisha mnyonge mzigo wote. Huyo tapeli alilipataje jina la mkulima, na alijuaje kwamba malipo ya tumbaku yametoka? Tena mteja aliyeibiwa akiomba msaada husikilizishwa muziki hadi simu inazimika, na dakika hizo ndizo fedha inazotolewa kwa wakala wa mbali. Tapeli yeye hupokea simu mara moja. Hapo watu watamwamini nani?

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinadai malalamiko yapokewe na kushughulikiwa. Basi taarifa ya wizi ipokewe saa yoyote, fedha izuiliwe kwanza na maswali yafuate, na mlalamikaji apewe namba ya kumbukumbu kwa maandishi. Mama mzee aliyesafiri kutoka Ipole asiambiwe dirishani kwamba apige simu Dar es Salaam. Asiporidhika, anayo haki ya kufika Benki Kuu yenyewe.

Kamati za parokia zitawasaidia wasiojua kuandika barua hizo. Mje na tarehe, saa na ujumbe wa miamala. Namba za siri msituletee. Hata sisi hatuzihitaji.