Tusingoje Mashini Mupya, Tufungue ya Kale



Kila mwaka makampuni makubwa ya ng'ambo yanatangaza mashini mupya. Wanatangaza ordinatere, ndiyo kompyuta ya wenzetu wa Tanzania na Kenya. Wanatangaza serveri, ile mashini kubwa inayotumikia zingine nyingi kwa mara moja. Wanatangaza na diski za kuwekea maandiko na picha. Kila mwaka ile mupya inashinda ya mwaka uliopita. Na hapa ku masomo, kila mwaka tunasikia neno lilelile: « Zetu ni bintu bya kale, tungoje mupya. » Sisi tunasema: tusingoje. Tufungue zile tuko nazo, tujue ndani yake muko nini.

Juu ya nini tunasema vile? Tuanze na diski. Katika mwaka 1956 kampuni IBM ya Marekani ilitoa mashini yake ya kwanza yenye kuweka habari ndani ya diski. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa santimeta 61, na uzito wote karibu tani moja. Ndani yake zilienea herufi milioni 5 tu. Leo iko diski unaweza kuishika kwa mkono moja, nayo inabeba herufi zaidi ya milioni milioni 20. Mutu mwenye kujua hesabu agawe: ni mara milioni 4 na zaidi. Nani ataweza kukimbia nyuma ya mwendo kama huo? Shule ikinunua mupya leo, kesho kutwa nayo itaitwa ya kale. Kazi ya kununua haina mwisho.

Sasa tuangalie ndani. Katika diski ya namna ile, habari zinaandikwa kwa nguvu ya sumaku, juu ya ngozi nyembamba sana ya madini iliyofunika sahani. Katika ngozi ile muko kobalti. Ndani ya betri za ordinatere nyingi za kubeba, kobalti tena. Na kobalti inayochimbwa duniani, zaidi ya nusu inatoka hapa Kongo, kama vile pande za Kolwezi na Fungurume. Hii si mbali na sisi.

Na mukuba je? Zamani, njia ndogo za kupitisha umeme ndani ya chipu zilikuwa za aluminiyo. Watu walijua tangu zamani kwamba mukuba unapitisha umeme vizuri zaidi. Lakini ulikuwa na shida moja: unapenya ndani ya silisi ya chipu na kuiharibu. Wataalamu walitafuta namna ya kuuzuia, na katika mwezi wa 9 mwaka 1997 IBM ilitangaza kwamba wamefaulu. Wengine wakafuata. Tufikiri vizuri: mukuba ulikuwa uleule wa siku zote. Kilichobadilika ni akili ya kuutumia.

Wazee wetu wa Katanga hawakuwa wajinga katika kazi hii. Waliyeyusha mukuba wenyewe, wakafanya misalaba midogo iliyotumika kama feza. Halafu, mwaka 1911, tanuru kubwa ya kampuni ilianza kazi hapa Lubumbashi. Toka siku ile mukuba unaenda kwa matani, nasi tunangoja urudi umekuwa mashini, tuununue kwa bei ya juu.

Wenzetu wengine wanaacha masomo kwenda kuchimba, wanakuwa kreseri. Hatuwacheki, njaa ya nyumba tunaijua. Lakini mwenye kubeba gunia asiyejua kupima kilicho ndani, atapokea bei ile anapewa. Mwenye kununua njo mwenye kupima. Kutojua ni hasara ya kila siku.

Basi tunaomba Bwana Prefe na kamati ya wazazi jambo moja dogo. Mashini moja iliyokufa wapewe wanafunzi wa mwaka wa 5 na wa 6, kila siku ya posho, pamoja na mwalimu wa fizika. Umeme ukatwe kwanza. Betri isifunguliwe hata kidogo, inaweza kuwaka moto. Halafu watoe kila kipande, waandike jina lake, kazi yake, na madini yaliyo ndani. Mwishoni wajaribu kuitengeneza.

Mutu moja atasema: « Hii haitatufanya tuwe IBM. » Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyeshika bintu kwa mikono yake hataogopa mlango wa Polytechnique ku Université, wala kazi ya kutengeneza mashini, wala ya kupima mawe katika laboratwari. Na Biblia inatuonyesha Bezaleli, katika Kutoka 31: Mungu mwenyewe alimpa ufundi wa kutumia zahabu, feza na shaba. Basi ufundi wa mikono si kazi ya wale walioshindwa masomo.

Madini ya chini ya udongo yatakwisha siku moja. Akili, ukiitumia, inaongezeka. Tusikae tukihesabu mashini mupya ya wengine. Bisibisi iko, mashini ya kale iko, wanafunzi tuko. Kilichobaki ni ruhusa.