Gari la safari ya kazi: ulizia spea Manyoni kabla ya bei yadini

Kwenye yadi za magari za Dar es Salaam swali la kwanza ni bei, la pili ni namba ya usajili: ni D ya mwanzo, D ya mwisho, au ni E? La tatu ni rangi. Anayetafuta gari la kuzungukia Mbagala, Kariakoo na Tegeta anaweza kuishia hapo asijute sana, maana siku likimgomea atapanda daladala na fundi wake atalifuata jioni. Afisa mauzo anayekwenda Dodoma kila baada ya wiki mbili, mkaguzi wa hesabu mwenye matawi Morogoro na Iringa, msimamizi wa mradi anayelala Arusha huku kazi zikiwa Babati na Kondoa, hao bei ya yadini huwaambia machache mno. Gari lao haliishi kununuliwa siku ya kukabidhiwa funguo. Wataendelea kulinunua kilometa kwa kilometa, miaka mitatu au minne. Swali linalowafaa ni jingine kabisa: likizima Manyoni saa kumi na mbili jioni, spea yake ipo Manyoni?

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo watu huikwepa. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilometa 450. Anayekwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi hutembea kilometa 1,800, sawa na 21,600 kwa mwaka, kabla hajaenda sokoni wala kanisani. Tuchukue petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo msomaji aweke tarakimu ya mwezi wake. Gari linalokwenda kilometa 15 kwa lita litakunywa lita 1,440, yaani shilingi milioni 4.32. Linalokwenda kilometa 9 litakunywa lita 2,400, yaani milioni 7.2. Pengo ni shilingi milioni 2.88 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu linafika milioni 8.64. Kwa hiyo lile gari kubwa la injini ya cc 2,400 ambalo dalali analisifu kuwa "bei ya kutupa" limepunguzwa bei na muuzaji, kisha mnunuzi atalipia punguzo hilo kwenye pampu. Serikali nayo ilishahamia huko huko: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo kodi humfuata zaidi anayechoma mafuta kuliko anayeegesha.

Kutokana na hesabu hiyo wengi hukimbilia kigari kidogo kuliko vyote, na hapo ndipo ninapoachana nao. Toyota Passo ya injini ya cc 996 yenye silinda tatu ni gari zuri la mjini. Lipakie watu wanne na mabegi, washa kiyoyozi, lipandishe Kitonga nyuma ya malori yanayokwenda Tunduma, ndipo utajua injini hiyo haikuundwa kwa kazi hii. Kulipita lori kunachukua muda mrefu kuliko barabara inavyoruhusu, na dereva aliyechoka kusubiri ndiye anayejaribu pale asipopaswa. Injini inayokanyagwa hadi mwisho kwa saa sita nayo haitoi ule unafuu wa mafuta ulioahidiwa. Mahali pa kusimama ni katikati, kwenye cc 1,300 hadi 1,500, na ndani ya kundi hilo ningeitazama kwanza injini ya Toyota ya 1NZ-FE. Iko kwenye IST ya 1,500, kwenye Corolla Fielder, kwenye Probox na Succeed. Inatumia cheni, si mkanda wa taiming unaosubiri kukatika. Muhimu zaidi ni kwamba mafundi wa Makambako, Singida na Babati wameshaifungua mara nyingi, na spea zake, mpya na za mtumba, zinapatikana kutoka Gerezani hadi kwenye maduka ya miji midogo.

Kwa upande wa pili, chukua injini ambazo mitaani huitwa D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Si injini mbovu. Ila pampu yake na nozeli zake hazipendi mafuta machafu, na fundi wa kuzielewa si wa kumkuta kila penye kivuli cha mwembe. Giaboksi nazo zina mambo yake. Fielder nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2006 zina giaboksi ya CVT, laini na nafuu kwa mafuta, lakini inadai oili yake yenyewe. Fundi akiijaza oili ya giaboksi ya kawaida, anayelipa ni wewe. Probox ilibaki na giaboksi ya otomatiki ya gia nne hadi mwaka 2014. Haina sura, nakubali. Iliundwa kubebea bidhaa, na nchini Kenya imegeuzwa teksi ya vijijini inayobeba watu wengi kuliko viti vyake. Anayeichekea na afikirie ni magari mangapi yangestahimili matumizi kama hayo.

Hata hivyo, jina zuri halitibu gari lililochoka. Anayeagiza Japani aombe karatasi ya mnada, atazame daraja la gari na kilometa zilizoandikwa pale, na akiona alama ya R aelewe kwamba limewahi kugongwa na kutengenezwa. Tanzania haijaweka ukomo wa umri kama Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, lakini hapa umri una ushuru wake: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi hapo. Anayenunua mkononi ana faida ya kulijaribu, na wengi huitumia vibaya, kuzunguka mtaa mmoja na kurudi kusifia spika. Gari la safari lijaribiwe safarini. Likute asubuhi likiwa la baridi, liwashe mwenyewe, kisha endesha saa nzima barabara kuu ukitazama kipimo cha joto, maana linalochemsha mara nyingi hujificha kwenye mzunguko mfupi na kujitokeza Chalinze. Odometa isiaminiwe peke yake. Kanyagio la breki lililolika na usukani uliong'aa husema kweli zaidi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na mwenye milioni 15 atafute gari la milioni 12. Zile tatu zinazobaki zina kazi: tairi, breki, bushi, shokapu, rejeta, oili zote, uhamisho wa kadi, na faini za barabarani ambazo mwenye gari wa kwanza alisahau kuzitaja.

Nitaambiwa kuhusu heshima: mteja humpima mtu kwa gari alilokuja nalo. Ni kweli, na kuna kazi chache ambazo hilo ni sehemu ya mtaji. Lakini mteja humpima pia kwa saa aliyofika, na aliyevutwa kwa kamba kutoka Dumila hana la kujitetea. Hoja ya barabara mbovu ina uzito zaidi. Anayeingia vijijini masika, kwenye udongo mfinyanzi, anahitaji gari refu linalovuta magurudumu manne, na makala haya hayamhusu. Ila wengi wanaojitetea kwa hoja hiyo hupita lami mwaka mzima na kuingia vumbini mara mbili. Kuhusu usalama, gari zito hulinda zaidi likigongwa, sibishi. Lakini gari zito lenye tairi za zamani na breki zilizokwisha ni hatari kuliko jepesi lililotunzwa, na pesa ya kulitunza ndiyo ile iliyomalizikia kwenye tangi.

Hoja ninayoikubali bila masharti ni ya treni. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu ambaye kikao chake kiko mjini Dodoma hana sababu ya kuchosha injini na mgongo. Gari linabaki kuwa la yule ambaye kazi yake inaanzia pale reli inapomwacha, Kondoa au Kiteto, akiwa na vituo vinne kwa siku. Waajiri wa watu hao wangesaidia kwa kuacha kurejesha pesa kwa risiti za mafuta na kulipa kwa kilometa. Kwa risiti, mwenye gari la cc 2,400 hana haja ya kujua linakunywa kiasi gani. Kwa kilometa, wawili wenye safari moja watapokea kiasi kilekile. Mwenye Probox atabakiwa na ya tairi, na mwenzake atatoa ya mfukoni kabla hajafika Gairo.