Namba ya simu ya mteja si mali ya fundi

Wadau, leo nina la moyoni na litawauma baadhi yetu.

Hapa chuoni kila mwenye laptopu ni fundi tovuti. Sawa, bumu likikata lazima mtu ale. Lakini huu mchezo wa kuandika namba ya simu ya mteja moja kwa moja ndani ya faili la footer.php ni wa nini jamani? Duka likibadili namba, mwenye duka hawezi kujirekebishia. Ampigie "mtaalamu", na mtaalamu yuko kwenye UE, au keshahitimu na laini kabadilisha. Wanunuzi wanapiga namba isiyopatikana, biashara inalala.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ilishalimaliza hili zamani. Mipangilio ya tovuti inakaa kwenye hifadhidata, katika jedwali la wp_options: jina la tovuti limo, barua pepe ya msimamizi imo, hata idadi ya makala kwa ukurasa. Jina unalichukua kwa get_option('blogname'), basi. Ukitaka namba ya duka, tengeneza kisanduku kwenye ukurasa wa mipangilio, mwenyewe ajaze, nawe uandike:

echo esc_html( get_option( 'simu_ya_duka', '' ) );

Zile alama mbili tupu mwishoni ndizo zinazorudishwa kama hakuna kilichohifadhiwa. Usipoweka kitu hapo, unarudishiwa false.

Najua utetezi wenu: "Kuuliza hifadhidata kila mara kunachelewesha." Wapi! Mipangilio yenye alama ya autoload huvutwa yote kwa mkupuo mmoja ukurasa unapoanza kufunguka, ikakaa kwenye kumbukumbu. Iite hata mara kumi, hifadhidata haisumbuliwi tena. Kinacholemea ni kurundika makapi humo, ndiyo maana tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024 WordPress inaonya yakizidi kilobaiti 800 hivi.

Utetezi wa pili ndio wa kweli, ila hausemwi kwa sauti: mteja akijiweza, hatarudi kulipa. Huo si ufundi, ni kumfungia mtu nje ya duka lake mwenyewe. Fundi ujenzi akimaliza nyumba anakabidhi funguo, habaki nazo mfukoni ili aitwe kila mlango unapotaka kufunguliwa. Kama kazi yako ni nzuri, mteja atarudi na kazi nyingine, tena atamleta na jirani yake.

Kabidhini funguo, jamani. Nawahi kipindi.