BASTOLA KWENYE POCHI YA MAMA (Sehemu ya 4)

Leo sizungumzii homa wala choo cha mtoto. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la kinamama wa Zuzu mdada mmoja aliuliza: "Bastola gani ndogo inaingia kwenye pochi? Natoka kazini usiku, naogopa." Wakamjibu haraka kweli. Mkaka mmoja (sijui aliingiaje kundi la kinamama) akaandika eti achukue revolva ndogo ya risasi tano, haikwami, haina mambo mengi, "ndo saizi ya mwanamke". Wakagonga dole gumba zaidi ya ishirini. Mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa zamu. Sasa nimetoka zamu.

Kwanza, huyo dada simcheki. Miaka miwili iliyopita nilikabwa alfajiri natoka shifti ya usiku, si mbali na reli. Walichukua simu na kandambili. Kandambili, jamani! Miezi kadhaa baada ya pale nilikuwa nikisikia hatua nyuma yangu mkojo unataka kutoka. Na mimi nilimwambia mume wangu, tutafute bastola. Huku kwetu viwanja vimeuzwa, nyumba zimeota katikati ya mashamba, lakini taa za barabarani hazijafika. Hofu ni ya kweli.

Sasa tuje kwenye hiyo revolva. Aliyosema yule kaka si uongo wote. Kweli haina mambo mengi: risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka, unavuta triga, inalia. Alichoacha kusema ni kwamba nyingi ya hizo ndogo hazina loki ya pembeni ya kuizuia isilie. Kinachozuia ni ugumu wa triga tu. Na kwa kuwa ni nyepesi na mtutu wake mfupi, inaruka mkononi na kulenga kunakuwa kazi, hata kwa waliofundishwa. Wewe umefundishwa wapi? Halafu hao wanaokaba hawaji mbele wakapiga hodi. Mimi nilishikwa shingo kwa nyuma. Hadi nifungue zipu, nipite nepi, chupa ya uji na funguo, wangekuwa wameondoka na pochi na bastola juu.

Na pochi ya mama inaguswa na nani zaidi? Mwizi labda mara moja maishani. Mtoto ni kila siku, maana ndimo zinamokaa pipi, biskuti na simu ya katuni. Huo ugumu wa triga ndo mnautegemea? Madaktari wa watoto Marekani walipima nguvu za vidole vya watoto, wakatoa matokeo mwaka 1995. Watoto wa miaka 5 na 6, saba kati ya kumi walikuwa na nguvu ya kuvuta triga za bastola nyingi zilizokuwa sokoni. Wa miaka 3 na 4, mmoja kati ya wanne. Huyo ni wa chekechea!

Desemba 2014, jimbo la Idaho hukohuko Marekani, mama alikuwa dukani na mtoto wake wa miaka 2 kwenye kitoroli. Pochi yake ilishonwa maalumu na mfuko wa bastola, zawadi ya Krismasi kutoka kwa mumewe. Mtoto alifungua mfuko. Mama alifia palepale dukani. Silaha yake ilikuwa halali na alijua kuitumia.

Mtasema hayo ya Marekani. Haya, Oktoba 2013 Dar es Salaam, mtangazaji Ufoo Saro alipigwa risasi na mzazi mwenzake, mama yake mzazi akauawa. Mei 2022 Mwanza, mume alimuua mkewe kwa bastola, naye akakutwa amekufa ziwani. Ugomvi wa nyumbani upo kila mtaa, na kwa kofi au fimbo huwa tunashona tunawarudisha nyumbani. Risasi hainipi nafasi hiyo. Mtoto wa kilo 15 ana damu kama lita moja na robo mwilini, haijai hata chupa kubwa ya maji. Akipigwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, mimi na gloves zangu nafika nimechelewa. (Ikitokea: kandamiza kidonda kwa kanga kwa nguvu zote, usiachie kuchungulia, usichokonoe risasi, mkimbize hospitali. PF3 itafuata.)

Na msidanganyane kuhusu sheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ni ya mtu aliyeandikwa. Bastola ya baba watoto ukiitia kwenye pochi yako unatembea na kesi.

Kwangu mimi iliisha hivi. Shemeji yangu anamiliki kihalali, alikuja Jumapili kunishauri nichague ipi. Koti akalitundika kwenye kiti. Tukiwa tunakula, mwanangu wa miaka minne akaja analiburuza sakafuni, "Mama, mbona koti la baba mkubwa zito hivi?" Hakuna aliyemeza tonge. Shemeji alilichukua taratibu, mikono inatetemeka, na ushauri ukaishia hapo.

Siku hizi tunaotoka usiku tunaondoka watatu watatu, bodaboda ni mmoja tunayemjua mpaka kwao, pesa sitembei nazo. Mkutano wa mtaa ujao naenda kudai taa, na huyo kaka wa revolva naye aje achangie nguzo.

Sehemu ya 5: sumu ya panya kwenye chupa za soda. Hilo nalo nina hasira nalo.